Damu ya Asubuhi

Kumi na sita. Muuguzi aliikodolea macho picha ile kwenye simu, kisha akatoka mbio na ndara zake za nyumbani.

Tangu amnunulie mama yake mashine ya kupimia kisukari chake, kila asubuhi aliletewa picha: tano, tano na nusu, sita. Namba za kuringia wodini. Leo kumi na sita. Sukari hairuki hivyo bure. Huenda vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Na sukari ikikaa juu, walinzi wa mwili hulegea, vijidudu vikatamba. Juzijuzi tu alimfunika shuka usoni mgonjwa wa namna hiyo. Kilianza kidonda kidogo kama punje ya mchele.

Akakipita kibanda cha baba yake, fundi viatu. Kimefungwa. Hakusimama.

Mama alikuwa anafua uani, povu hadi viwikoni.

"Kaa chini, nipe miguu."

"Siku hizi salamu zimepigwa marufuku?"

"Shikamoo, mama. Miguu."

Akakagua nyayo, visigino, katikati ya vidole. Hakuna hata mchubuko. Akamgusa paji la uso. Halina joto.

"Unatafuta funza au urithi?" mama akauliza.

Muuguzi hakucheka. Aliichukua mashine ya mama, akamtoboa kidole kabla hajakificha. Mama alifumba macho, akalalama kama mtoto wa chanjo.

Tisa.

"Mbona tisa? Asubuhi si ilikuwa kumi na sita? Mama, umemeza nini?"

Mama akajifuta mikono kwenye gauni, taratibu.

"Mimi na sindano hatuivi chungu kimoja, unajua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo baba yako yupo wa nini? Vidole vyake vimeota sugu, hata hashtuki. Nikawa namwazima tone. La leo ni lake, la jana lake, na yote tangu uniletee hicho kidude."

Muuguzi aliifungua tena picha ya kumi na sita.

"Baba yuko wapi?"

"Chumbani. Na radhi siombi, kidole ni cha mume wangu. Ila usiende kumwamsha. Tangu shazia yake ya kushonea viatu imwingie kiganjani anatetemeka kwa homa, ndiyo kwanza amenyamaza."