Kiboko Aliyemeza Magadi

Hapo kale Kiboko alikuwa na wapangaji wawili ndani ya mfupa wa paja lake. Kazi ya Konokono ilikuwa kubomoa, ya Nyigu kujenga. Mfupa ulipochakaa, Konokono alijigandisha hapo, akaziba kingo zote kwa ute, kisha vimeng'enya vyake, vichocheo vya mwilini, vikaendesha pampu iliyokuwa tumboni mwake na kumwaga asidi chini yake mpaka mfupa ukayeyuka. Nyigu akaja nyuma na chokaa mbichi, akajaza shimo mpaka Konokono alipomwambia basi.

Siku moja Kiboko akasikia kitu kikichemka pajani.

"Nani ananila?"

"Ni mimi, baba mwenye nyumba," alijibu Konokono. "Natoa mfupa uliochoka."

"Mfupa wangu uchoke? Mimi! Sitaki mpangaji mwenye ndimu tumboni."

Kwa hasira akabugia magadi mpaka asidi yote ikapoa. Konokono akapiga pampu, yakatoka maji matupu. Akajikunja ndani ya gamba lake, akalala.

Nyigu akaendelea kujenga. Alijenga juu ya mfupa kuukuu, akajaza hadi vyumba vya uboho. Kiboko alijiona jabali, akawa anatembea akijipiga paja. Lakini kwenye harusi ya dada yake, mbele ya wakwe, alipiga chafya moja tu, na paja likavunjika kama kigae.

"Nyigu! Mbona hukuacha?" alinguruma.

"Kuacha?" Nyigu alishangaa, chokaa ingali mdomoni. "Mimi nilifunzwa kujenga, baba mwenye nyumba. Wa kuniambia basi ulimnywesha magadi."