Uchungu Uliofutwa

Siku hizi mzazi hapewi pole, anapewa hongera tu. Pole ya nini, wakati uchungu wote wanamfuta kichwani kabla hajatoka wodini? Ni sheria. Profesa mmoja wa saikolojia alitafiti akaona wanawake wanaokumbuka uchungu wanaogopa kuzaa tena, na wakubwa wakampigia makofi. Wakubwa wenyewe wanaume watupu.

Mke wangu Mwajabu alivuja damu sana kwa mtoto wa kwanza. Wakamfuta, na kwenye kadi wakaandika "salama" kwa kuwa alitoka mzima. Kwa mimba ya pili nesi akamuuliza, "Mama, uzazi uliopita ulikuwaje?"

"Mwepesi tu, mwanangu."

Hawakuandaa hata chupa moja ya damu. Mimi niliyejua nilikuwa nje ya geti. Nilimzika yeye na kichanga siku moja.

Juzi ilikuwa zamu ya binti yetu, Sikudhani. Nilimsihi akatae kufutwa, sheria au si sheria, akaniapia. Alikaa leba siku mbili, nikimsikia akiniita kupitia ukuta.

Alitoka anacheka. "Baba, kumbe kuzaa si kitu! Mwakani naongeza mwingine."

"Kwani hukukataa?"

"Nikatae nini?"

Mama yake hayupo, kwa hiyo kanga alizotoka nazo wodini nimefua mimi. Nilimwaga beseni la tatu, maji bado mekundu. Akasimama nyuma yangu, mtoto kifuani.

"Baba, hiyo damu ya nani?"