Trekta la Marehemu

Hamisa alikuwa ameinamia trekta kuukuu la marehemu mumewe, shambani Kwedizinga, akikaza skrubu ya kabureta kidogo kidogo kwa bisibisi. Injini ilikohoa, ikasita, kisha ikanguruma vizuri. Akatabasamu.

"Ondoka hapo!" Shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake na panga mkononi. "Trekta ni la kaka yangu."

"Kaka yako ametuachia mimi na wanangu, shemeji."

Shemeji alimtandika kofi lililomwangusha chini, mdomo ukajaa damu. Kisha akainua panga, akaukata mpira wa mafuta. "Tuone sasa utalima na nini!"

Petroli ilimrukia shemeji mwenyewe kifuani, nyingine ikamwagikia ekzosi ya moto. Ndimi zikaruka, shati lake likawaka lote.

"Nizime, shemeji! Nakufa!" Aligaagaa kwenye matuta, ngozi ya shingo ikivimba na kupasuka kama ganda la muhogo wa kuchoma.

Hamisa alinyakua gunia bichi lililokuwa likipoza rejeta, akamrukia. Alimfunika kifua, akamfunika shingo, akamfunika na uso, akagandamiza kwa viganja na magoti mpaka moto ukafa.

"Umezimika," sauti ilitoka chini ya gunia. "Umezimika, shemeji, niachie."

Hamisa aligeuka kulitazama trekta. Lilikuwa linaungua, usukani umeanza kuyeyuka.

Miguu ya shemeji yake ikaanza kurusha udongo. Hamisa alitema damu pembeni, akajiweka sawa, akagandamiza zaidi.