Giza la Balbu Tatu

Mkuu wa kituo cha umeme alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Mwaka jana jenereta mbili ziliunganishwa vibaya humu humu, kipande cha chuma kikatoboa bati. Tundu lile bado linapitisha jua.

"Shangazi, tuzime umeme wa mtaa mmoja tu," alisema. "Tusicheze na roho zetu."

Fundi, ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi, hakugeuka. Jenereta ya kwanza ilikuwa imezidiwa, inakoroma na kutoa moshi mweusi. Ya pili, aliyoihangaikia miezi minne hadi ikafufuka, ilikuwa inazunguka bure pembeni. Ya tatu ilikuwa bado imekufa, imefunikwa turubai kwenye kona. Kipimo cha kuzioanisha kilikufa zamani. Alikuwa na balbu tatu tu, alizozifunga kati ya mashine hizo. Zikiwaka, mashine zinapishana. Zikizimika zote, zinakwenda sawa.

Balbu ziliwaka, zikafifia, zikazimika.

"Sasa," mkuu alisema.

"Bado. Zina haraka."

Alipunguza mafuta ya jenereta ya pili kidogo, unene wa kucha. Balbu zikawaka tena, safari hii taratibu. Akafuta jasho la kiganja kwenye ovaroli, akashika mpini wa swichi. Nyuzi ndani ya balbu zikabaki nyekundu, kisha nazo zikapotea.

Akausukuma.

Ulisikika mshindo mmoja. Jenereta ya kwanza ikaacha kukoroma, moshi ukakatika, na ngurumo mbili zikawa moja.

Mkuu akaingiza mguu wa pili ndani.

"Na ile ya tatu," akauliza, "utaifufua lini?"