Vigelegele Mlangoni

Ka! Komeo likajifunga. Milango ya mji wetu hujifunga yenyewe ikisikia maandamano, lakini dirishani niliona barabara tupu. Alikuwepo mama mkwe wangu tu, Bi Ruzuna, na chupa ya uji.

"Nimepiga vigelegele tu, jamani! Si nimepata mjukuu?"

Mke wangu Saumu, aliyejifungua alfajiri, alikuwa akimngoja mama yake amkande. Mtoto akaanza kulia.

"Maandamano yameingia ndani," mlango ukasema. "Taja jina la kiongozi, nifungue."

Nilichanganyikiwa. Nikataja langu.

"Hilo si jina la huyo anayelia," mlango ukajibu. "Kiongozi ni yeye."

Mtoto hakuwa na jina bado. Saumu akamziba mdomo kwa kiganja.

"Mwache alie," nikasema. "Nakuahidi, Saumu, mlango huu nitaung'oa kabla hatujampa jina."