Tanzia Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Mzenga nyuma, vumbi limemjaa Saburi hadi kwenye kope, na bado hajajua atamwambia nini mama wa marehemu. Tangu atoke Mlandizi kuelekea Maneromango alikuwa ameyapanga maneno mara nne, na mara zote nne yalimchosha mwenyewe.

Kazi yenyewe ukiisema ni ndogo: kuirekebisha tovuti ya Zizi. Zizi ni programu ya simu inayomkumbusha mfugaji tarehe za chanjo na za kuogesha ng'ombe. Haiuzwi. Msimbo wake uko wazi, na mwenye ujuzi yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutengeneza. Aliyeianzisha ni Maulidi. Wenzake walikuwa wawili: Saburi, fundi kompyuta wa Mlandizi, na Rahma wa Kisarawe mjini.

Maulidi alipofariki kwa homa ya ini, walibandika tanzia kwenye ukurasa wa kwanza, yenye anwani yake ya mtandaoni: picha yake kubwa, wasifu, na sauti yake akicheka. Walisema itakaa wiki moja. Ikakaa miaka mitatu. Kitu cha wote kina taabu hiyo. Kila mtu ana ruhusa ya kukigusa, na hakuna anayekigusa.

Watu waliingia kutafuta programu, wakakuta msiba, wakaandika pole na kutoka. Ngeleja, mfugaji wa kijiji cha Janga, aliandika pole ndefu kabisa. Kitufe cha kupakua hakukiona; kilikuwa chini kule, baada ya rambirambi mia nne. Miezi miwili baadaye akapoteza ndama sita kwa ugonjwa wenye chanjo. Alipokutana na Saburi mnadani hakumlaumu. Alimuuliza tu wafiwa wanaendeleaje.

Saburi akaona basi, imetosha. Akapendekeza tanzia ihamishiwe ukurasa wa nyuma. Rahma akakataa. Alitaka ifutwe kabisa: picha, sauti, hata ile anwani ya tanzia. Walibishana kwenye simu wiki nzima, na Rahma kwa kawaida ni mtu wa maneno machache. Mwishowe Saburi akamwambia kuna mtu bado anaisoma. Takwimu za tovuti zinaonyesha simu moja, ileile, inaifungua kila siku ya Mungu.

“Hiyo ya alfajiri?” alisema Rahma. “Atakuwa mama yake. Nenda kamwombe ruhusa, kaka Saburi. Halafu ufute. Nakuomba.”

Ndiyo maana alikuwa njiani.

Alimkuta Bi Sikuzani uani, anamenya mihogo. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akapewa kigoda na maji. Ule usomaji wa alfajiri hakuutaja. Ni aibu kumwambia mtu mzima kwamba umemchungulia akimlilia mwanawe. Alieleza tu habari za tovuti, na za ndama wa Ngeleja.

Bi Sikuzani alisikiliza bila kuacha kisu.

“Kwa hiyo nyinyi miaka mitatu bado mmekaa mkekani,” alisema. “Mimi mamake nilianua matanga siku ya tatu, nikaingia shamba. Nani angenilimia?”

“Tuliogopa kukuudhi, mama.”

“Kuniudhi mimi.” Alitupia kipande cha muhogo kwenye beseni. “Na yule binti mliyekuwa mnafanya naye kazi, anasemaje?”

“Ndiye anayetaka ifutwe. Hata kuhamishwa hataki.”

Kisu kilisimama. Alimtazama Saburi kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie, akaona hakuna kinachokuja.

“Basi futeni,” alisema. “Msikilizeni huyo.”

Saburi aliinamisha kichwa. Hakuna mzazi anayelisema neno hilo kwa wepesi.

Njiani kurudi alisimamisha pikipiki mara mbili, akakaa tu pembeni ya barabara. Ijumaa aliifuta tanzia: picha, sauti na anwani. Kitufe cha kupakua akakipandisha juu, kikubwa, ambacho hata asiyejua kusoma atakiona.

Mwaka uliofuata Zizi ilipakuliwa na wafugaji elfu mbili. Ngeleja hakupoteza ndama tena, isipokuwa mmoja aliyegongwa na lori. Saburi aliwaachia tovuti vijana wa Kibaha, akabaki kuangalia takwimu tu. Bi Sikuzani alifariki mwezi wa Machi, shambani kwake, jembe likiwa pembeni. Rahma aliolewa na Mfaume, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wakapata mtoto wa kike.

Anwani ya ile tanzia, ambayo sasa humjibu mtu kwamba ukurasa haupo, iliendelea kufunguliwa na simu ileile kila alfajiri, kabla ya msiba wa Bi Sikuzani na baada yake. Ilipumzika siku nne tu, zile ambazo Rahma alilazwa hospitali kujifungua.