Chai Iliyokataliwa

Joha aliingia akitafuna karanga. Devota akamnyang'anya.

"Nimesema mara ngapi? Nusu saa kabla ya kujipima, hakuna kula, hakuna kunywa. Hata bigijii! Kaa hapo usubiri."

Sauti yake ilivuka ua wote wa ile nyumba ya kupanga, Majengo. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Miaka tisa aliuza mwili kama Joha. Sasa alikuwa mwelimishaji wa wenzake, na vipimo vya Ukimwi aliwagawia chumbani kwake, mchana kweupe.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Mama Tumsifu, mwenye nyumba, kajifunga kitenge cha kanisani.

"Devota! Kila siku malaya mlangoni kwangu. Leo unahama!"

Wapangaji wakachungulia.

"Shikamoo, mama. Baba Tumsifu karudi na lori?"

"Karudi, anakohoa tu. Usinizungushe."

"Basi karibu chai."

"Sitaki."

Devota akamimina vivyo hivyo, akaweka na andazi. Kwao Bahi mgeni haachwi atoke bila kuonja.

"Nimesema sili, sinywi!"

"Kinyaa, mama? Kikombe nimekiosha."

Mama Tumsifu akatazama pembeni. Joha akacheka. "Jamani, wa kupewa hataki, na mie ninayeitamani nimekatazwa!"

Devota hakucheka. "Sikiliza, mama. Ukinitoa humu, nitakaa pale barabarani na boksi langu la vipimo. Mimi nilipimwa na mwenzangu wa kazi, wakati wengine wananitemea mate. Hawa siwaachi. Leo wala kesho."

"Basi sitoki," akasema Mama Tumsifu, akivuta kigoda. "Nione kwa macho yangu huo upuuzi wenu."

Akakaa, mikono kaikunja.

Nusu saa ilipotimia, Joha akapitisha kijiti cha kipimo kwenye fizi, juu na chini, akakichovya kwenye kichupa. Wakangoja dakika ishirini. Mstari mmoja: hana virusi. Joha akapiga kigelegele, akainywa ile chai iliyopoa, akaondoka na andazi mkononi.

Mama Tumsifu akainuka, akafunga mlango, akashusha komeo.

Devota akasimama wima. "Nimeshasema, mama. Sihami."

"Nani anazungumza habari za kuhama?" Sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Tangu alfajiri sijaonja hata maji. Nipe na mimi hicho kijiti."